Kuchora Wachezaji Ngoma Kando ya Ziwa

Camille Corot, mchoraji Mfaransa ambaye wazazi wake walinunua nyumba karibu na mabwawa ya Ville-d'Avray, karibu na Paris, mwaka 1817, alikuwa akichora michoro midogo nje na kukamilisha picha kubwa karakanani, na utaratibu huo unafaa hata Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria.

Fika mapema, ukungu ungali juu ya mafunjo, upake kwanza anga na maji kwa kijivu chenye nyeupe nyingi, kwa kuwa rangi hiyo ndiyo itakayoamua nyingine zote. Miti ifuate. Wachezaji wa ohangla, ngoma ya Waluo, usiwaombe wasimame tuli; nasa miondoko yao kwa penseli wanapocheza, kisha uwaweke mwishoni, wadogo, kivulini, bila nyuso. Doa moja jekundu kwenye leso latosha, ingawa mimi huongeza la pili na kujuta.