Kumpata mrithi wa kocha gwiji wa mpira wa kikapu chuoni, hatua kwa hatua

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyomsaidia jamaa yangu, naibu mkurugenzi wa michezo kwenye chuo kimoja cha Marekani. Chuo sikitaji, maana Mzee wao, yaani kocha wenyewe, bado yupo benchi na bado anawafokea waamuzi. Kama uko kwenye idara ya michezo huko, au unakaa kwenye bodi ya chuo ambacho jina la kocha limeshaandikwa sakafuni mwa uwanja naye hajastaafu, fuata mpangilio huu.

Sitaeleza namna ya kutangaza nafasi, kufanya usaili wala kuandika taarifa kwa waandishi wa habari. Hizo fomu mnazo.

Hatua ya 1: Jua nani ana kauli ya mwisho

Kwenye makaratasi ni rais wa chuo na mkurugenzi wa michezo. Kiuhalisia wapo wafadhili wawili watatu waliotoa pesa za ukumbi wa mazoezi, na simu zao hupokelewa kabla ya yako. Waorodheshe kwenye karatasi moja, kwa kalamu. Vyuo vya umma viko chini ya sheria za majimbo za haki ya kupata taarifa, kwa hiyo mwandishi wa habari anaweza kuomba barua pepe zako na akapewa. Mazungumzo ya mrithi yafanyike ana kwa ana au kwa simu. Kundi la WhatsApp la "kamati ya mpito" nimeliona likianzishwa, na kabla ya wiki kuisha mazungumzo yake yalikuwa mikononi mwa mashabiki.

Hatua ya 2: Zungumza na Mzee

Usimwite ofisini kwako. Mfuate kwenye chumba cha video asubuhi, mechi ya jana imesimamishwa kwenye skrini na kahawa yake imepoa. Usimuulize anastaafu lini. Muulize hivi: "Hawa vijana unaowasajili sasa, wazazi wao umewaahidi nini?"

Swali hilo halimshtui, kwa sababu analikuta kila sebule anayoingia. Mama wa mchezaji anauliza: mwanangu akifika mwaka wa tatu, wewe utakuwepo? Kesho yake kocha wa chuo pinzani anakaa kwenye kochi hilo hilo na kumjibu mama huyo kwamba hatakuwepo. Ukilianza jambo kupitia usajili, Mzee anaongea kama kocha. Ukilianza kupitia miaka yake, anaongea kama mtu anayefukuzwa.

Tena miaka yake usiitaje kabisa. Zamani mambo yalikuwa mepesi: chuo cha Kansas kilimstaafisha kocha wake Phog Allen mwaka 1956, na chuo cha Kentucky kikamstaafisha Adolph Rupp mwaka 1972, wote kwa kanuni ya chuo ya kuondoka ukifika 70. Leo sheria ya shirikisho inamlinda mfanyakazi wa miaka 40 na zaidi asibaguliwe kwa umri, na mwaka 1986 ilirekebishwa kufuta ustaafishaji wa lazima kwa kazi nyingi. Utani wa "Mzee kachoka" ukiingia kwenye kumbukumbu za kikao unaweza kugeuka ushahidi mahakamani. Zungumzieni mkataba, usajili na misimu.

Siku hiyo hiyo kubalianeni jina la mtu atakayeshika timu iwapo Mzee ataamka hawezi. Hili halihusiani na mrithi. Agosti 2011 Pat Summitt wa Tennessee, mwenye mataji 8 ya taifa ya wanawake, alitangaza kwamba ana maradhi ya kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 59. Msimu ule uliendeshwa kwa kuwa Holly Warlick, msaidizi wake tangu 1985, alikuwa pembeni yake. Aprili 2012 Warlick akakabidhiwa timu.

Hatua ya 3: Tarehe kwanza, jina baadaye

Kazi yenyewe iko hapa, na hapa ndipo jamaa yangu alipokwama kuliko kwingine kote. Bodi yake ilitaka jina. Kila mtu hupenda jina, maana lina sura, lina takwimu na linapigwa picha likivaa kofia ya chuo. Tarehe haina mvuto, lakini ndiyo inayobeba mpango.

Tazama Syracuse. Jim Boeheim alikuwa kocha mkuu pale tangu 1976. Mwaka 2015 wakamtangaza Mike Hopkins, msaidizi wake wa miaka mingi na mchezaji wa zamani wa hapo hapo, kuwa mrithi atakayechukua timu 2018. Machi 2017 Hopkins akaenda zake Washington kuwa kocha mkuu. Boeheim akabaki hadi 2023. Tarehe ilikuwepo, ila ilikuwa mbali mno. Miaka mitatu huwezi kumweka mtu kwenye foleni wakati vyuo vingine vina benchi tupu na pesa mkononi. Texas, kwenye futiboli ya Kimarekani, hata tarehe hawakutoa: Will Muschamp alitangazwa mrithi wa Mack Brown mwaka 2008, mwishoni mwa 2010 akatimkia Florida, na Brown akakaa hadi 2013.

Sasa tazama Purdue. Matt Painter aliletwa mwaka 2004 kutoka Southern Illinois, alikokuwa kocha mkuu, akae msimu mmoja tu kama msaidizi wa Gene Keady, kocha aliyemfundisha enzi za uchezaji wake. Mwaka 2005 akachukua. Msimu wa kwanza alishinda 9 na kupoteza 19, na bado kila mtu alijua kocha ni nani. Mwaka 2024 aliifikisha timu fainali ya taifa, wakafungwa na UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) 75-60. Duke nao Juni 2021 walitoa tarehe na jina kwa pamoja: Mike Krzyzewski, aliyekuwa pale tangu 1980 na mwenye mataji 5, anafundisha msimu mmoja wa mwisho, kisha Jon Scheyer anachukua. Msimu huo Krzyzewski alishughulika na timu iliyokuwepo na Scheyer akabeba usajili wa vijana wa baadaye. Mgawanyo huo uige kama ulivyo.

Kanuni yangu ni kwamba tangazo lisitangulie tarehe kwa zaidi ya msimu mmoja. Tahadhari zake sasa, maana ziko kadhaa.

Msifanye ghafla mkidhani ghafla ndiyo dawa. Dean Smith aliondoka North Carolina tarehe 9 Oktoba 1997, mazoezi yakiwa mlangoni. Chuo hakikuwa na muda wa kumtafuta mtu, ikabidi nafasi iende kwa Bill Guthridge, msaidizi wake wa miaka 30. Naamini Mzee Smith alijua kabisa anachofanya: kalenda ilimchagulia mrithi. Msimu ulikwenda vizuri mno, ushindi 34 na kufungwa 4, hadi nusu fainali ya taifa. Ila Guthridge naye alikuwa mtu mzima, akastaafu mwaka 2000, na swali lile lile likarudi mezani. Roy Williams, msaidizi wa zamani wa Smith aliyekuwa kocha mkuu Kansas, akakataa kuondoka huko. Akaletwa Matt Doherty, na msimu wake wa pili wakashinda 8 na kufungwa 20. Williams alikubali mwaka 2003, ndipo nyumba ikatulia.

Mkataba wa majaribio nao una masharti yake. Watanzania wengi tulimjua Jim Calhoun wa UConn kwa sababu ya Hasheem Thabeet, aliyemfundisha hadi akachaguliwa wa pili kwenye usajili wa NBA mwaka 2009. Calhoun alistaafu Septemba 2012, na chuo kikampa Kevin Ollie mkataba wa miezi michache tu ili wamtazame. Desemba hiyo hiyo wakamwongezea, na 2014 akawaletea ubingwa wa taifa. Usiikimbilie njia hii. Iliwezekana kwa kuwa Ollie alikuwa mtoto wa nyumba hiyo na alikubali kupimwa. Mgeni hawezi kuhamisha familia yake kwa mkataba wa miezi michache, na wazazi wa wachezaji wanasoma mikataba ya makocha kuliko unavyofikiri.

Halafu kuna siku yenyewe, na hapa ndipo wanasheria waliturudisha nyuma kila tulipodhani tumemaliza. Mwaka wa fedha wa vyuo vingi huisha 30 Juni, na mikataba mingi ya makocha hufuata kalenda hiyo. Msimu lakini huisha Machi, au mwanzoni mwa Aprili ukifika mbali. Ukiacha tarehe ya mkataba ndiyo iwe tarehe ya kukabidhi, umetengeneza miezi mitatu ambayo timu ina makocha wakuu wawili, mmoja kwa mshahara na mwingine kwa jina. Na miezi hiyo ndiyo ya uhamisho wa wachezaji. Mafahali wawili, zizi moja, na geti liko wazi.

Andikeni tarehe mbili. Ya kwanza: siku inayofuata mechi ya mwisho ya msimu, mamlaka yote juu ya wachezaji, ufadhili wa masomo na ajira ya wasaidizi yanahamia kwa mrithi. Ya pili: 30 Juni, mshahara na marupurupu ya Mzee kama kocha yanakoma. Zote mbili zitiwe saini na Mzee mwenyewe kwenye nyongeza ya mkataba wake, kabla jina la mrithi halijatajwa nje ya chumba. Ikiwa anakubali kwa mdomo lakini kalamu haimpandi mkononi, basi hajakubali. Simamisha mpango, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Chagua mtu

Kampuni za kutafuta makocha sizipendi. Kwa nafasi hii majina mnayajua tayari, na malipo yao yangetosha mshahara wa msaidizi mmoja. Mimi napenda mtu wa aina ya Painter, anayeijua nyumba lakini ameshawahi kuongoza ya kwake hata kwa muda mfupi. Scheyer hakuwahi, na mwaka 2025 aliifikisha Duke nusu fainali ya taifa, kwa hiyo siyo sheria.

Mtoto wa kocha? Tony Bennett alimrithi baba yake Washington State mwaka 2006 na akashinda mechi 26 katika kila msimu kati ya miwili ya kwanza. Pat Knight alimrithi baba yake Texas Tech katikati ya msimu, Februari 2008, na 2011 akaondolewa. Mpimeni kama mwingine yeyote, na Mzee asiwepo chumbani mnapompima.

Mgeni kabisa mwambieni ukweli kuhusu kivuli anachoingia. Gene Bartow alimfuata John Wooden pale UCLA mwaka 1975, mtu aliyeacha mataji 10 ndani ya miaka 12. Bartow alishinda 52 na kufungwa 9 kwa misimu miwili, na ikaonekana haitoshi. Akaondoka mwenyewe.

Hatua ya 5: Mkataba wa mrithi

Fidia pande zote mbili. Asipokabidhiwa timu siku iliyoandikwa, chuo kinamlipa kiasi kinachouma. Akiondoka kabla, yeye au chuo kinachomchukua kinalipa. Basi.

Hatua ya 6: Wasaidizi na wachezaji

Kocha mkuu akiondoka, kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, huwafungulia wachezaji wake dirisha la pekee la kuhama. Siku zake zimebadilishwa zaidi ya mara moja, hivyo soma kanuni ya mwaka wenu. Msitegemee hata kidogo kwamba watakaa kwa kuipenda jezi. Mrithi aongee na kila mchezaji peke yake, ndani ya saa 24 baada ya mechi ya mwisho, akiwa na jibu la mambo mawili: dakika za kucheza, na pesa. Tangu Julai 2021 wachezaji wanauza haki ya majina na sura zao, na tangu msimu wa 2025-26 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Mrithi asiyejua bajeti yake siku hiyo anaongea hewa.

Wasaidizi wa Mzee, mrithi aamue mwenyewe, ila ambakishe angalau mmoja anayejua funguo ziko wapi. Doherty alikuja North Carolina na watu wake kutoka Notre Dame, wasaidizi wa zamani wakaondoka, na wazee wa programu ile hawakulisahau jambo hilo.

Hatua ya 7: Kuaga, na kiti cha Mzee

Sherehe ya kuaga ifanyike kabla ya mechi, au siku isiyo na mechi kabisa. Tarehe 5 Machi 2022 Duke waliiweka baada ya mechi ya mwisho ya nyumbani. Wachezaji wa zamani zaidi ya 90 walikuwepo ukumbini, North Carolina wakashinda 94-81, na Krzyzewski akalazimika kushika kipaza sauti akiwa na hasira za kufungwa.

Tangazo la mwisho nalo litoke likiwa limeandaliwa. Machi 2023 Boeheim alimaliza kwa kufungwa na Wake Forest 77-74, akajibu maswali ya waandishi kwa mafumbo, na saa chache baadaye chuo kikatoa taarifa kwamba Adrian Autry ndiye kocha. Mtu aliyekaa miaka 47 kwenye benchi hilo alistahili kuagwa vizuri zaidi.

Ofisi mpeni, lakini jengo jingine. Cheo cha "balozi" au "mshauri wa rais" kinafaa mradi asiwe anaripoti kwa mrithi wala mrithi asiripoti kwake. Tiketi zake ziwe za kudumu, ng'ambo ya uwanja au juu, mahali ambapo kamera ya televisheni haiwezi kumchukua yeye na benchi kwa picha moja. Msimu wa kwanza mwombeni asije mazoezini asipoitwa na mrithi mwenyewe, na ombi hilo lifikishwe na rais wa chuo, siyo na wewe.