Auti ama sefu? Vile mimi hukoli zile za karibu besi ya kwanza

Kama umechezesha softboli ya shule huku Kakamega unajua mara nyingi ampaya, yaani refa, ni wewe peke yako, na kelele haiji kwa mpira mrefu, inakuja kwa ile ya besi ya kwanza ambapo mguu wa mkimbiaji na mpira vinafika karibu pamoja (mpira ukitangulia ni auti, ametolewa, mguu ukitangulia ni sefu, amefika salama), hapo lazima upande mmoja ukuite kipofu.

Hatua ya kwanza, toka homu, pale mpigaji anaposimama. Mimi nilikuwa nakolia pale pale nyuma ya pleti ya homu, uvivu tu, na nikawa napeana sefu ambazo hata wasichana wenyewe walikuwa wanazicheka. Piga hesabu: homu hadi besi ya kwanza ni futi 60, kama mita 18, na sauti inaenda karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo ule mlio wa mpira ukiingia glovu ya mdakaji wa besi unakufikia ukiwa umechelewa sekunde 0.05. Kidogo eeh? Msichana anayekimbia mita 7 kwa sekunde ashasonga sentimita 35 hapo, zaidi ya kiatu kizima! Basi mpira ukipigwa chini ingia uwanjani mbio, usimkate mkimbiaji wala usisimame njia ya mpira. Mkiwa wawili, yule wa besi akae kama mita 5 kutoka begi, yaani besi yenyewe, mpira upite mbele yake kama msalaba.

Ya pili, simama kabla mpira ufike. Hata kama umepata hatua tatu tu, simama, macho ya mtu anayekimbia yanarukaruka.

Tatu, angalia mpira ukitoka mkononi mwa anayeurusha, ukiona umenyooka hamisha macho kwa begi, masikio uyaachie glovu. Ukienda kombo usiuache, mguu wa mdakaji utavutwa atoke kwa begi. Sasa shida ya kwetu ni isukuti, zile ngoma za huku, wakipiga kando ya laini husikii glovu hata kidogo, hapo rudi nyuma kidogo uone mguu na glovu pamoja.

Nne, ngoja. Kuna siku niliinua ngumi auti nikageuka, kumbe mpira umedondoka unajiviringisha kwa matope, ikabidi nibadilishe mbele ya shule nzima.

Halafu koli kwa sauti, na ikiwa ya karibu sana sauti iwe kubwa zaidi. Mambo ya "sare ni ya mkimbiaji" usibishane nayo, jiulize tu, mpira ulishikwa kabla hajagusa? Kama ndio, auti. Kochi akija mwambie, "Mwalimu, mpira ulitangulia," urudi kazini.

Mazoezi ni simu tu, mtu akurekodi slomo ukikoli kumi. Mara ya kwanza nilikosea nne, na zote nne nilikuwa bado natembea.