Somo: Kuwapeleka watoto wenye mahitaji maalum kuvua samaki Mombasa

Assalam aleikum na habari zenu. Kila likizo ya shule ikikaribia nauliziwa mambo yale yale na walimu, wazazi, vikundi vya misikiti na makanisa, na watu wa mahoteli wanaotaka kutoa sadaka. Boti gani, siku gani, mtoto wa kiti cha magurudumu atapandaje. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, nayaweka hapa yote. Soma mpaka chini kabla hujauliza.

1. Ruhusa. Barua ya mzazi kwa kila mtoto, idhini ya mwalimu mkuu, na BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo) ya hapo mtakapopandia wajue siku na saa.

2. Chombo. Leseni na bima ziwe hai, nahodha awe na cheti chake, boti iwe pana na iwe na turubai la kivuli. Bei inategemea mafuta na saa, kapatane na nahodha mwenyewe.

3. Mahali. Kriki (mkono wa bahari ulioingia bara) ya Tudor au ya Mtwapa, ndani, pasipo na mawimbi. Msikaribie njia ya meli na feri kule Kilindini. Mkitokea nje upande wa Nyali na Bamburi, kumbukeni kuna mbuga ya bahari (marine park) iliyotengwa 1986, chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na ndani ya mbuga hiyo hakuvuliwi kabisa.

4. Siku na maji. Safari nyingi huharibikia hapa, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Watu huchagua siku kwa kalenda ya shule, au siku mfadhili aliyopata nafasi, halafu ndiyo waulize habari ya maji. Anza na maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3, na maji huwa yamekauka saa 4 au saa 5 asubuhi, wakati ule ule basi la shule linapofika. Kuna safari iliyoondoka alfajiri maji yangali juu. Watoto walipanda vizuri, ubao umelala karibu sawa na gati. Waliporudi boti ilikuwa chini kabisa, ngazi zimeota mwani zinateleza, na kila mtoto asiyeweza kutembea ikabidi apandishwe mgongoni na vijana waliotafutwa pale pale ufuoni. Hakuna aliyeanguka, alhamdulillahi. Lakini msichana aliyekwisha kubaleghe kubebwa na mwanamume asiyemjua, kanga inampanda, watu wamesimama wanatazama, ni kumvunjia heshima, na mamake alikuwapo akiyaona.

Chagua maji mafu. Ni kama tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hujaa katikati ya asubuhi, hayapandi sana wala hayashuki sana, na mkondo nao hupungua nguvu. Pandeni saa moja kabla ya maji kujaa, mshuke saa moja baada ya kujaa. Usikisie, angalia jedwali la maji la Kilindini. Ukipata gati la kuelea, linalopanda na kushuka pamoja na maji, umejipunguzia nusu ya kazi.

Onyo: mtoto asifungwe kwenye kiti chake wakati boti iko majini. Ikipinduka atazama nacho. Ahamishwe akae kwenye benchi au godoro, kiti kikunjwe. Kiti cha umeme kibaki bara.

Onyo: anayembeba mtoto awe mtu anayemjua, na mtoto aambiwe kabla hajaguswa.

Onyo: likizo ya Agosti ni msimu wa kusi, upepo mkali wa kusini. Nje kumechafuka hata ukiona kriki imetulia. Siku hiyo mtavua ndani tu, au mtaahirisha.

5. Jaketi okozi. Iwe saizi ya mtoto na iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mfungie, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Ikimpanda mpaka masikioni, ni kubwa, tafuta nyingine. Kwa watoto wenye usonji pelekeni jaketi shuleni wiki moja kabla, wazivae darasani dakika tano tano. Mtoto anayechukia kubanwa kifua hawezi kuizoea ile saa injini inanguruma na watu wanapiga kelele "haraka, haraka". Mwalimu awaonyeshe pia picha za boti yenyewe, nahodha mwenyewe na gati lenyewe.

6. Zana. Mshipi (uzi wa kuvulia) wa mkono uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, chubwi (kizito cha kuuzamisha), ndoana ndogo. Ule mwiba wa nyuma wa ndoana ubonyeze kwa plaizi mpaka ulale, ikimwingia mtu itoke kwa urahisi. Chambo ni kamba au ngisi waliokatwa tayari. Mtoto asiuzungushe mshipi mkononi.

7. Maji ya kunywa, kofia, mafuta ya jua. Dawa za kila mtoto ziwe na jina lake, na kipimo cha asubuhi kisirukwe kwa sababu ya safari.

8. Mtoto avue mwenyewe. Msaidizi anaweza kushikilia kiwiko au kutia chambo, lakini samaki akidona, mkono unaovuta uwe wa mtoto. Nimeona watu wazima wakinyakua mshipi kwa furaha na mtoto akabaki kutazama. Msifanye hivyo.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Boti ni pesa ngapi kwa siku?

Jibu: Hatua ya 2.

Mdau wa hoteli: Sisi tuna watoto 40, fulana tumeshachapisha, mpiga picha yupo. Boti mbili zitatosha? Tunataka Jumamosi hii.

Jibu: Hazitoshi. Jumamosi hii ni bamvua, hatua ya 4 umeiruka. Kila mtoto anahitaji mtu mzima wake, sasa hesabu mwenyewe nafasi zilizoandikwa kwenye leseni ya boti. Na picha haipigwi mpaka mzazi akubali kwa maandishi. Anza na watoto wachache, fulana haziozi.

Mama wa Changamwe: Samahani dada, mwanangu ana kifafa. Shule imemwacha mara mbili wakisema bahari si yake. Ni kweli haiwezekani?

Jibu: Mamangu, ahsante kwa kuuliza. Mwanzo muulize daktari wake, hasa kama degedege zimemjia karibuni au dawa zimebadilishwa. Akiruhusu, aende. Avae jaketi tangu gatini mpaka arudi gatini, ile inayomgeuza uso juu akianguka majini. Akae katikati ya boti, mtu wake awe ubavuni na asiwe na kazi nyingine. Ikimjia, wamlaze ubavu, waondoe ndoana zilizo karibu, wasimtie kitu mdomoni, waangalie saa. Ikipita dakika 5, hospitali. Ndiyo maana nasema mvue ndani ya kriki, gati lisiwe mbali. Usingizi wa usiku wa kuamkia safari nao ni muhimu sana kwake. Mwalimu akikataa bado, mpelekee barua ya daktari.

Abu Salim: Hivi watoto hawa na kuvua wapi na wapi? Hizo pesa si bora wanunuliwe unga?

Jibu: Unga wanunuliwe, na wewe anza. Kuna mtoto amezaliwa Kuze, Mji wa Kale, dirishani anaisikia bahari, na hajawahi kuigusa kwa sababu hana wa kumbeba. Kaka zake wote wanavua. Yeye pia ni mtoto wa pwani.

Mwalimu wa Likoni: Wanafunzi wangu hawaoni. Tumepewa fimbo za kisasa za kuvulia, za kusokota. Nizitumie au nirudi kwenye mshipi?

Jibu: Mwalimu, swali zuri. Rudi kwenye mshipi. Mwanafunzi aulaze juu ya kidole cha shahada, na hapo atasikia kila kitu: chubwi ikigonga chini, mkondo ukivuta polepole, changu akidona mara mbili haraka haraka kabla hajameza. Wanafunzi wasioona mara nyingi huujua mdono kabla ya msaidizi anayeona. Funga fundo dogo kwenye mshipi kila pima moja (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), wahesabu wenyewe kina. Na kabla ya kuondoka wapapase boti yote, ukingo, benchi, injini ikiwa baridi, wajue kila kitu kiko wapi.

Mvuvi wa Mtwapa: Umesahau samaki aitwaye tafi. Miiba yake ina sumu, na hao watoto watataka kumshika.

Jibu: Kweli kabisa, shukran. Tafi atolewe ndoana na mvuvi tu. Akimchoma mtu, loweka pale kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, maumivu hupungua. Maji uyapime kwa mkono wako kwanza. Ngogo wa baharini naye vivyo hivyo.

Mama wa Changamwe: Na mtoto wa mgongo wazi (spina bifida), ambaye miguu haina hisia?

Jibu: Huyo ndiye wa kuangaliwa sana kwenye maji hayo ya moto, na hata sakafu ya faiba iliyopigwa jua. Itamuunguza na hatajua. Soksi, na taulo chini yake. Jambo jingine: wengi wao mpira wa latex huwadhuru mwilini, kwa hivyo msifunge mapulizo kwenye boti, na glavu za kushikia samaki ziwe za kitambaa.

Kijana wa Kisauni: Glavu za kitambaa zinapatikana wapi?

Jibu: Zile za kazi za pamba, duka lolote la vifaa vya ujenzi. Nunua ndogo kabisa na uzifue kabla, zikiwa mpya zinakwaruza.