Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kuujua Mji kwa Siku Mbili

Safari ya mwisho wa wiki ya kwenda kuujua mji, yaani kujua ni nani walioujenga, umepitia misukosuko gani na wakazi wake wanajivunia nini, ina kasoro moja ambayo matangazo ya utalii hayaitaji kamwe. Jumamosi na Jumapili ndizo siku ambazo wenye habari za mji hawapo kazini. Mtunza nyaraka yuko nyumbani, karani wa manispaa amekwenda shambani, na mkutubi, kama amefungua, anafunga saa sita mchana. Wanaobaki barabarani ni wauza zawadi na madereva. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari hii hufanyika kati ya Jumatatu na Ijumaa, mezani, kwa simu na ramani, na asiyekubali kazi hiyo aende tu kupunga upepo, kwani hilo nalo halina ubaya.

Jambo la kwanza ni kuchagua swali moja. Siku mbili hazitoshi kuujua mji wowote, lakini zinatosha kulijibu swali moja vizuri. Mtu anayekwenda Lisbon akiwa na orodha ya vivutio ishirini atarudi na picha ishirini. Anayekwenda akijiuliza kwa nini mitaa ya Baixa imenyooka kama iliyopigwa rula, ilhali mitaa ya Alfama jirani yake inajipinda na kupanda ngazi, atakutana na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, mawimbi ya bahari na moto uliofuata, na serikali ya waziri Marquês de Pombal iliyoamua kuijenga upya sehemu ya chini ya mji kwa mpango mmoja. Atayaona hayo kwa miguu yake kabla ya chakula cha mchana. Swali likiwa pana kama vile "historia ya mji huu ni ipi", halikupeleki popote, na jioni ya Jumamosi utajikuta umekaa hotelini ukitazama simu.

Tafuta ramani mbili, ya sasa na ya zamani, na uzilinganishe kabla hujaondoka. Mji huandika historia yake katika umbo la mitaa kuliko katika vitabu vya wageni. Barabara pana na ndefu zinazoukata moyo wa Paris zilipasuliwa katika mitaa iliyosongamana chini ya usimamizi wa Haussmann, mtawala wa mkoa wa Paris, kati ya mwaka 1853 na 1870, na vitalu vya Eixample kule Barcelona, vyenye pembe zilizokatwa, vinatokana na mpango wa mhandisi Ildefons Cerdà wa mwaka 1859. Ukiwa na ramani zote mbili utajua umesimama upande gani wa mpasuko. Zingatia pia majina. Kinshasa iliitwa Léopoldville hadi mwaka 1966, Maputo iliitwa Lourenço Marques hadi 1976, na Harare ilikuwa Salisbury hadi 1982, na majina ya mitaa yao yalibadilika vivyo hivyo. Picha za zamani, mawe ya makaburi na barua za familia hutumia majina yale ya awali, kwa hiyo anayetafuta kwa jina la leo pekee hukosa nusu ya habari. Pakua ramani kwenye simu ukiwa nyumbani. Mtandao usikuharibie siku.

Hakikisha kwamba unachokwenda kukiona bado kimesimama. Ushauri huu unaweza kuonekana wa kitoto, lakini picha katika vitabu vya safari hudumu kuliko majengo. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Makumbusho ya Taifa ya Brazil huko Rio de Janeiro yaliungua usiku wa tarehe 2 Septemba 2018. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilishika moto tarehe 15 Aprili 2019 na halikufunguliwa tena hadi Desemba 2024, na katikati ya tarehe hizo wapo waliofika wakakuta uzio. Sambamba na hilo, ulizia umri halisi wa unachokitazama. Mji wa kale wa Warsaw ulibomolewa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili na kujengwa upya baada ya vita, mafundi wakisaidiwa na michoro ya Bernardo Bellotto ya karne ya 18. UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1980, na ujenzi mpya ulikuwa miongoni mwa sababu zake. Asiyelijua hilo huzisifu kuta kwa ukongwe ambao hazina, na kuipita hadithi yenyewe, ambayo ni ukaidi wa watu waliokataa mji wao ufutwe.

Mwisho wa wiki si uleule kila mahali. Misri hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Umoja wa Falme za Kiarabu ulihamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022. Katika miji mingi ya Israel mabasi husimama tangu jioni ya Ijumaa hadi jioni ya Jumamosi. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambayo kuingia ni bure na foleni yake si ya mtu mwenye haraka. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na treni haikusubiri eti kwa kuwa saa yako ya mkononi haina habari. Tiketi zinunue mapema: Nyumba ya Anne Frank mjini Amsterdam huuza mtandaoni tu, na majumba ya Nasrid ndani ya Alhambra, ngome ya kale ya Granada, Hispania, huingiwa kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi yenye jina lako. Ukichelewa, usitegemee kuhurumiwa.

Sasa tuje kwenye ufunguo, ambao ningeomba usomwe hata kama mengine yote yatarukwa.

Maeneo makubwa yana wafanyakazi wa zamu. Yale madogo, ambayo ndiyo yenye sura halisi ya mji, kama vile makumbusho ya chumba kimoja, makaburi ya zamani, karakana ya reli iliyofungwa au ukumbi wa chama cha mafundi, yana kufuli moja, na ufunguo wake una mtu. Nilikuwa katika msafara wa wafanyakazi wenzangu uliokwenda katika mji mmoja wa bandari. Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja aliyekaribia kustaafu, ambaye baba yake alikuwa kuli katika bandari ile. Mji ulikuwa na makumbusho madogo ya bandari, na ndani yake, kwa maelezo ya tovuti yao, kulikuwa na daftari za majina ya wafanyakazi wa zamani. Mzee hakuwa na haja na ngome, wala ufukwe, wala chochote kingine kilichokuwa katika ratiba yetu. Alitaka kuliona jina la baba yake limeandikwa kwa mkono wa karani. Tovuti ilisema Jumamosi panafunguliwa saa tatu asubuhi.

Tulifika saa tatu kasoro. Mlangoni palikuwa na kufuli na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, yenye namba ya simu ambayo tarakimu zake mbili za mwisho zilikuwa zimefifishwa na jua. Fundi cherehani wa kibarazani ng'ambo ya pili alituambia kwamba mwenye ufunguo amekwenda harusini, na ufunguo amekwenda nao, kwa sababu uko kwenye shada moja na za nyumbani kwake. Tulisubiri hadi adhuhuri. Wengine wakaanza kunung'unika, ikabidi msafara uendelee, naye mzee akabaki amekaa juu ya ukingo wa mtaro, akisema twende tu, yeye yupo.

Mwenye ufunguo alirudi Jumapili alasiri, saa moja kabla ya basi letu kuondoka. Alikuwa mtu mwema, aliomba radhi akafungua. Mzee akaingia moja kwa moja hadi kwenye kabati, na daftari alikuwa akiziona kupitia kioo, zimepangwa kwa miaka, migongo yake ya ngozi imepasuka. Kabati nalo lilikuwa na kufuli. Ufunguo wake ulikuwa kwa karani wa ofisi ya bandari, anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Mzee aliweka kiganja kwenye kioo, akausoma mwaka ulioandikwa kwenye mgongo wa daftari moja, akasema ni huo, kisha tukaenda kupanda basi. Ndani ya basi hakuna aliyethubutu kuzungumzia ufukwe.

Basi kaguzi ni hizi, na usiruke hata moja. Saa za kufungua zilizoandikwa mtandaoni zichukulie kuwa tetesi hadi binadamu azithibitishe. Piga simu Jumanne, wakati ofisi zina watu, si Ijumaa jioni. Uliza jina la mtu atakayefungua, na jina la mwingine atakayefungua huyo akipata dharura. Taja hasa unachotaka kukiona, si jengo tu: sema "daftari za miaka fulani", kisha uulize swali ambalo watu husahau, yaani kama kitu hicho kina kufuli yake ndani ya jengo na ufunguo huo uko kwa nani. Uliza pia kama nyaraka zinatolewa papo hapo au kwa maombi ya maandishi, kwa sababu hifadhi nyingi za nyaraka huhitaji siku kadhaa kuleta jalada kutoka ghalani. Ijumaa piga tena kukumbusha. Ukiambiwa "njooni tu, hakuna shida", ujue shida ipo na bado haijatajwa. Na kama ndani ya msafara yupo mtu mwenye haja ya pekee, ratiba ipangwe kwa kufuata haja yake, hata ikibidi kuomba ruhusa ya siku moja kazini na kuondoka Alhamisi usiku.

Njia nyingine ya kuikwepa shida hii ni kwenda katika zile siku ambazo milango hufunguliwa kwa makusudi. Siku ya Kimataifa ya Makumbusho huadhimishwa tarehe 18 Mei, na siku ya minara ya kumbukumbu na maeneo ya kihistoria ni tarehe 18 Aprili. Katika nchi nyingi za Ulaya, mwezi Septemba una siku za urithi ambazo hata majengo ya serikali na nyumba za watu binafsi hupokea wageni. Kutakuwa na msongamano, lakini afadhali msongamano kuliko kufuli.

Kuhusu waongozaji, mchukue aliyesajiliwa, na umuulize anayajuaje anayoyasema. Hadithi tamu husafiri haraka kuliko ya kweli. Mjini Chicago, kisa cha ng'ombe wa Bi. O'Leary aliyepiga teke taa na kuuteketeza mji mwezi Oktoba 1871 kilirudiwa kwa zaidi ya karne moja, hadi baraza la mji lilipomtoa hatiani mwanamke huyo mwaka 1997, wakati yeye alikuwa kaburini zamani. Mjini Verona watu hupiga foleni kuitazama roshani ya Juliet, mhusika wa kubuni katika tamthilia ya Shakespeare, na roshani yenyewe iliongezwa kwenye jengo hilo katika karne ya 20. Sikatazi kuitazama. Ila mwongozaji mzuri ndiye atakayekwambia hayo mwenyewe, na mbaya atakasirika ukimuuliza.

Panga pia kutembea polepole kuliko ramani inavyokuonyesha. Katika miji ya Ujerumani na nchi jirani, mbele ya milango ya nyumba za kawaida, kuna vijiwe vyenye bamba la shaba vya sentimita 10 kwa 10 vilivyofukiwa usawa wa njia ya miguu. Ni kazi iliyoanzishwa na msanii Gunter Demnig katika miaka ya 1990, na sasa vimezidi 100,000. Kila kimoja kina jina la mtu aliyeishi pale, mwaka wa kuzaliwa na yaliyompata mikononi mwa Wanazi. Lazima uiname ili usome, na mwenye mwendo wa kuwahi kivutio kinachofuata hukanyaga akapita. London nayo tangu karne ya 19 hubandika vibao vya duara kwenye kuta za nyumba walimoishi watu mashuhuri. Ulizia mapema mji unaokwenda unaziweka wapi kumbukumbu zake: chini, ukutani, au makaburini.

Mengine ni ya kawaida. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Beba maji, chaja ya akiba, fedha taslimu za noti ndogo na kitambulisho. Lala karibu na sehemu ya kale hata kama chumba ni kidogo, ili asubuhi ya Jumapili, kabla ya saa mbili, uitazame mitaa ikiwa mitupu na wenyeji wakifagia milango yao.

Ukizungumza na wazee wa mtaa, salimu kwanza, keti ukialikwa, na usitoe simu kurekodi bila ruhusa. Usiingie ua wa mtu kwa sababu tu mlango ni mzuri. Usipande majengo chakavu, maana ngazi za mbao za nyumba kongwe huoza kwa ndani na juu zikabaki na rangi nzuri. Usipige picha bandari, kambi wala ofisi za serikali kabla hujauliza sheria. Mwenye dawa azibebe mkononi, si kwenye begi la kupakiwa chini, na namba za simu za wenzako ziandike pia kwenye karatasi, kwa kuwa simu nazo huanguka majini.