Vichupo 37 kwenye RAM ya GB 4: kuipanga Firefox ya stesheneri

Shangazi yangu ana stesheneri Ngamiani, hapa Tanga: kompyuta mbili, printa na mashine ya fotokopi. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Mwanangu, njoo unitazamie hii kompyuta ya dirishani. Imechoka. Fundi kasema ninunue nyingine."

Nilifika baada ya Alasiri. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba, sogea hapa, wateja wamejaa." Nikatazama kioo. Vichupo (tabs) vya kivinjari cha Firefox vilikuwa vimebanana hata majina hayasomeki, vimebaki vialama tu. Nikavihesabu: 37. Fomu za mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, kurasa za RITA za vyeti vya kuzaliwa, barua pepe za watu watatu tofauti, na kimoja kikiimba taarabu.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, nashinda ndani ya kivinjari asubuhi hadi usiku. Nasema kwa moyo mmoja: kabla hujatoa laki kadhaa kwa kompyuta nyingine, panga kivinjari kwanza. Mwaka 2025 Firefox ya kompyuta ilipata mambo ambayo zamani ulilazimika kuyatafutia viendelezi (vijiprogramu vya kuongezea), na yanaifaa hasa mashine ndogo inayotumiwa na watu wengi.

Angalia toleo kwanza. Bofya vistari vitatu juu kulia, kisha "Help", kisha "About Firefox". Namba itaonekana hapo, na kama kuna toleo jipya litaanza kushuka lenyewe. Unataka 140 au zaidi. Mashine ya Windows 7 au 8 itagota 115, ndilo toleo la mwisho kwa Windows hizo, na mengi ya hapa chini hutayaona. Ya shangazi ni Windows 10, kwa hiyo tulisasisha kwa bando la simu yangu.

Nani anakula RAM?

Bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Unafunguka ukurasa unaoorodhesha kila tovuti iliyo wazi na kiasi cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) inachotumia. Shangazi alisogeza kiti. Hakuwa amewahi kuona kwamba ukurasa aliousahau tangu asubuhi bado unakula.

Kwa nini unakula? Januari 2018 ilitangazwa kasoro ya vichakataji (CPU) iliyopewa jina la Spectre. Tovuti zikikaa pamoja katika mchakato mmoja, moja ingeweza kuchungulia siri za jirani yake. Vivinjari vikaanza kuzitenga. Firefox iliwafikishia watumiaji wake utengano huo mwishoni mwa 2021. Ni kama nyumba ya wapangaji: zamani wote walilala ukumbini, sasa kila mmoja ana chumba na ufunguo wake. Usalama umepatikana, lakini vyumba vinakula kiwanja. Kwa hiyo ukimwona mtu analalamika kwamba kivinjari cha siku hizi kizito, sehemu ya uzito huo ndiyo inayomlinda, na mimi siwezi kumshauri auondoe. Cha kufanya ni kupunguza vyumba vinavyokaliwa kwa wakati mmoja.

Tangu toleo la 93, mwaka 2021, Firefox ya Windows hupumzisha vichupo yenyewe RAM ikikaribia kwisha. Ila husubiri mpaka hali iwe mbaya, na kwenye GB 4 kufikia hapo umeshakaa ukitazama kioo kilichoganda. Kuanzia toleo la 140, la Juni 2025, unaweza kufanya kwa mkono wako: bofya kulia juu ya kichupo, chagua "Unload Tab". Kichupo kinabaki mahali pake, jina lake lipo, ila chumba kimerudishwa. Ukikibofya tena, ukurasa unapakiwa upya. Ukitaka kupumzisha vingi kwa mpigo, shikilia Ctrl huku ukivibofya kimoja kimoja, halafu bofya kulia.

Tahadhari hapa, na naomba uisome mara mbili: usipumzishe kichupo chenye fomu iliyojazwa nusu. Mara nyingi Firefox hukumbuka ulichoandika, lakini fomu nyingi za serikali zina muda wake, ukirudi unakuta imekutoa na mteja anaanza upya. Pia kupakia upya kunakula bando. Pumzisha zile kurasa za kusoma tu.

Vikundi

Firefox iliwahi kuwa na vikundi vya vichupo tangu 2011, ikaviondoa 2016. Watu hawakuacha kuviomba, vikarudi kwa wote kwenye toleo la 138, Aprili 2025. Chukua kichupo, kiburute juu ya kingine, subiri kidogo, achia. Utaulizwa jina na rangi. Shangazi alichagua "Mkopo" ya kijani, "Vyeti" ya bluu, na "Yangu" ya waridi. Ukibofya jina, kikundi kinajikunja.

Wengi wanakosea hapa: kukunja kikundi hakurudishi RAM. Vichupo vimejificha tu machoni, bado viko kazini. Kinachorudisha ni kubofya kulia jina la kikundi na kuchagua "Save and close group". Kesho ukikihitaji, bofya kishale kilicho mwisho wa mstari wa vichupo, utakikuta humo na jina lake.

Kama majina bado hayasomeki, bofya kulia sehemu tupu ya mstari huo na uchague "Turn on Vertical Tabs", kitu kilichokuja toleo la 136. Vichupo vinahamia ubavuni, kimoja chini ya kingine, kama orodha ya bidhaa. Kioo cha shangazi ni kipana, na kurasa nyingi huacha pembeni tupu, kwa hiyo hakupoteza kitu.

Akaunti za watu

Hili ndilo lililonitoa jasho. Nikiwa pale pale, kijana mmoja alikaa kutafuta barua pepe ya kuitwa kwenye usaili. Akafungua, akasoma dakika nzima, kisha akageuka: "Mama, hii si yangu." Alikuwa ndani ya sanduku la mteja wa jana. Namba za simu, picha za vyeti, vyote wazi. Shangazi aliona aibu mno, na mimi niliona hatari tupu.

Tulifanya mambo mawili. La kwanza, wasifu. Kwenye vistari vitatu, ukiwa na toleo jipya kabisa, kwa kawaida kuna "Profiles", halafu "New profile". Kila wasifu una historia yake, manenosiri yake na akaunti zake, havichanganyiki. Mmoja ni wa shangazi, wenye barua pepe ya duka, na mteja haugusi. Fahamu tu kwamba wasifu mbili zikiwa wazi pamoja zinaongeza mzigo wa RAM, kwa hiyo fungua mmoja kwa wakati.

La pili, wateja wote wanatumia dirisha la faragha, lile la zambarau: Ctrl, Shift na P. Likifungwa, akaunti zinasahauliwa. Lakini mimi kama mtengeneza tovuti nakuambia jambo ambalo wenye maduka wengi hawalijui: madirisha ya faragha yote yaliyo wazi kwa wakati mmoja yanatumia mfuko mmoja. Ukimfungulia mteja wa pili dirisha jipya huku la wa kwanza lipo wazi nyuma, wa pili atajikuta ndani ya akaunti ya wa kwanza. Lazima yafungwe yote, ndipo mteja mwingine akae. Na mafaili yaliyopakuliwa yanaweza kubaki kwenye folda ya vipakuliwa hata dirisha likifungwa. Yafute, kisha umwage na pipa la taka.

Umeme ukikatika, Firefox inaweza kurudisha vichupo vilivyokuwepo. Hilo liwashe kwenye wasifu wa mwenye duka tu, kwenye mipangilio, palipoandikwa "Open previous windows and tabs". Kinachorudishwa kinaweza kuwa pamoja na akaunti zilizokuwa wazi, ndiyo maana sitaki liwe popote mteja anapokaa.

Na kama mteja analeta fomu ya PDF, huhitaji programu nyingine: tangu toleo la 106, la 2022, unaifungua ndani ya Firefox na kuandika juu yake.

Tulimaliza Magharibi inaadhiniwa. Vichupo vilibaki sita. Shangazi akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito, akaibandika kwa selotepu chini ya kioo: MTEJA AKIONDOKA, FUNGA MADIRISHA YOTE YA ZAMBARAU.