Namna ya kuwaongoza wazee na vijana katika chama kimoja cha msingi

Mwongozo huu ni kwa wenyeviti na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi vya wakulima wa korosho huku Mtwara na Lindi, ambako kila msimu wazee hulalamika kwamba vijana hawana subira, na vijana hulalamika kwamba wazee hawang'atuki.

Kwanza jueni kila kizazi kimejifunzia wapi kuamini. Mwanachama aliyevuka miaka 70 aliona vyama vikuu vya ushirika vikivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, akabaki na imani kwa mtu anayemfahamu, anayesimama kwenye mizani mbele ya macho yake. Kijana wa miaka 28 amekulia katika stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza mwaka 2007 ambao mkulima huweka korosho ghalani na kupewa stakabadhi hadi ziuzwe mnadani, na kwake uaminifu ni tarakimu anazoweza kuzisoma mwenyewe. Ndiyo maana kijana akiomba kuona daftari la mapokezi, mzee husikia anaitwa mwizi, na mzee akijibu "subirini", kijana husikia kuna jambo linafichwa, ingawa wote wawili wanaogopa kitu kimoja, yaani chama kuliwa.

Kwa hiyo kila taarifa ya fedha itolewe kwa njia mbili. Kabla msimu haujafunguliwa, makato yote ya kila kilo yaandikwe kwenye ubao wa ghala, kisha yasomwe kwa sauti katika mkutano mkuu. Fanyeni hivyo pia baada ya kila mnada. Zamani barua za wanunuzi zenye bei zao zilitolewa kwenye sanduku na kusomwa mbele ya wakulima. Tangu msimu wa 2024/2025 bei hushindanishwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, na wazee wengi wamekosa kile walichokuwa wakikiona kwa macho. Kijana asome matokeo, na mzee wa bodi aliyekuwapo athibitishe.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na viongozi wengi hulipita. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo mpwa hathubutu kuipinga hadharani. Mwenyekiti ambaye ni mjomba wa nusu ya vijana waliohudhuria asidhani kwamba ukimya wao ni kukubali. Niliwahi kukaa katika mkutano ambao kijana mmoja alinyamaza kutwa nzima, kisha jioni, chini ya mkorosho, akanionyesha hesabu ya magunia iliyokosewa. Aliyeisoma hesabu ile mkutanoni alikuwa mjomba wake. Kusanyeni maswali kwa maandishi siku moja kabla, yasomwe na mtu wa ukoo mwingine bila kutaja aliyeuliza. Mnapounda kamati, msimweke mpwa chini ya mjomba wake. Mwekeni mjukuu pamoja na babu, kwa sababu utani wao huwaruhusu kuambiana ukweli bila mtu kuvunjiwa heshima.

Kijana akichaguliwa, asifanywe karani wa simu za wazee. Mpeni kazi yenye mamlaka, kwa mfano ugawaji wa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ambao huleta ugomvi mkubwa, na yeye mwenyewe ajibu maswali ya wanachama kuhusu kazi hiyo. Mzee anayejua mipaka ya mashamba na historia za familia abaki katika usuluhishi, kazi ambayo kwa maoni yangu hakuna daftari litakaloiweza.

Mwisho ni makabidhiano. Mwenyekiti anayeondoka aombwe kuwa mshauri kwa msimu mmoja, akae mkutanoni mahali pa heshima, lakini asibaki na sahihi ya benki. Siku ya makabidhiano, magunia matupu yahesabiwe, mizani ijaribiwe, madeni ya wanachama yasomwe jina kwa jina, na funguo za ghala zitoke mkononi mwake kwenda kwa mrithi wake mbele ya wanachama, kisha barua ya kubadilisha watia sahihi ipelekwe benki siku hiyohiyo.