Vitumbua vya mchele: kuanzia kuloweka hadi kugeuza

Kitumbua ni mchele, tui, sukari, hamira na iliki, basi. Hata hivyo wengi wanaovipika nyumbani huishia na vitu vigumu kama kokoto, au vilivyokunywa mafuta mpaka vidole vinateleza. Kosa mara chache huwa kwenye vipimo, maana vipimo vya vitumbua havitofautiani sana jiko kwa jiko. Kosa liko kwenye maji: mchele umekunywa kiasi gani kabla ya kusagwa, na rojo limebaki zito kiasi gani baada ya kusagwa. Ukishayaweza maji, kinachobaki ni moto.

Kwa vitumbua kama 25 hadi 30 vya chuma cha kawaida (kile kikaango chenye mashimo ya duara), andaa mchele vikombe 2 (gramu 400), tui zito kikombe 1 na nusu pamoja na robo kikombe ya akiba, sukari nusu kikombe, hamira ya chenga kijiko cha chai 1 na nusu, unga wa ngano vijiko vya kulia 2, chumvi robo kijiko cha chai, na iliki punje 10 au 12 zilizomenywa na kutwangwa papo hapo. Kikombe kinachotajwa hapa ni cha mililita 250. Mafuta ya kupikia yatakwenda kama kikombe kimoja, na mengine yatabaki.

Mchele

Mchele wowote mzuri wa wali unafaa, uwe wa Mbeya, wa Shinyanga au pishori la Mwea. Chenga nazo zinafaa sana, tena ni za bei nafuu na hulowa upesi. Hakuna sababu ya kusaga mchele wa daraja la kwanza. Usiofaa ni ule wa rangi ya njanonjano uliochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa. Wanga wake umeshaiva mara moja, kwa hiyo haulainiki sawasawa na rojo lake huwa la mchangamchanga.

Osha mchele mara tatu au nne, kisha uloweke kwenye maji yanayoupita kwa vidole vinne. Saa 6 hadi 8 zinatosha, chenga saa 4. Ukitaka kuhakikisha, chukua punje moja uiminye kwa kucha: ivunjike na kuwa unga mweupe mtupu. Ukikuta kiini kigumu katikati, acha bado. Mchele usiolowa vizuri husagika nusunusu, na zile chembe zilizobaki huzama chini ya bakuli wakati rojo linaumuka. Vitumbua vya kwanza vitatoka vyepesi, vya mwisho vitatafunika kama mchanga.

Kwa waliopo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wanaoloweka usiku kucha, weka bakuli kwenye friji, au badilisha maji kabla ya kulala. Joto la pwani huchachusha maji ya mchele kabla ya alfajiri, na harufu ile haitoki hata kwa iliki.

Sasa jambo linalopuuzwa: uchuje mchele, uuache kwenye chujio dakika 10. Maji yanayobaki katikati ya punje yanaweza kufika robo kikombe, na hiyo robo ndiyo inayoligeuza rojo kuwa maji. Hapo mtu hukimbilia kuongeza unga wa ngano ili lishikane, kisha anashangaa kitumbua kinavutika kama chapati iliyolala. Vijiko viwili vya ngano vinasaidia kushikanisha. Vikifika vitano, umeshaanza kupika andazi.

Tui na kusaga

Nazi mbili za wastani zitatosha. Zikune, mimina kikombe 1 na nusu cha maji ya vuguvugu, kamua, chuja. Hilo ndilo tui la kwanza, na ndilo linalotakiwa. Ukikamua machicha mara ya pili, tui hilo jepesi liweke kando kwa kurekebishia rojo tu. Tui la kopo huwa zito kuliko la kukamua. Kopo la mililita 400 litikise vizuri, kisha changanya sehemu tatu za tui kwa sehemu moja ya maji. Tui jepesi mno hutoa kitumbua chapwa na kikavu, kwa kuwa ulaini wa kitumbua unatoka kwenye mafuta ya nazi.

Tia mchele kwenye blenda pamoja na kikombe kimoja cha tui, usage mpaka ukisugua rojo kati ya vidole usihisi chembe. Blenda nyingi za nyumbani zitahitaji dakika 4 hadi 6, nazo hulipasha rojo moto zikisaga. Simamisha kila baada ya dakika moja na nusu. Ongeza tui lililobaki kidogo kidogo, ukitazama. Sukari, chumvi, unga wa ngano na iliki vinaingia mwishoni.

Hamira ingojee. Rojo likiwa la moto kiasi cha kukufanya uondoe kidole, hamira itakufa humo na hakuna kitakachoumuka. Liache lipoe mpaka liwe la uvuguvugu, ndipo uitie na kusaga sekunde 10 tu. Kama paketi ilishafunguliwa siku nyingi, ijaribu kwanza: iweke kwenye vijiko vitatu vya maji ya vuguvugu na sukari kidogo. Ikikaa dakika 10 bila kutoa povu, tupa. Zamani pwani kazi hii ilifanywa na tembo la mnazi, na ladha yake ilikuwa na ukali mtamu ambao hamira haiuleti.

Uzito wa rojo upime kwa upawa. Linyanyue, limimine: lishuke kama utepe usiokatika, na alama yake ionekane juu ya rojo kwa sekunde mbili au tatu kabla ya kupotea. Likidondoka kwa mabonge, ongeza tui la pili kijiko kimoja kimoja. Likimwagika kama maziwa, dawa yake si ngano. Chota nusu kikombe cha rojo hilo, lipike kwenye sufuria ndogo ukikoroga mpaka liwe uji mzito, lipoe, kisha lirudishe blenda na mengine. Uji huo hushika maji na kufanya vitumbua viwe laini hata kesho yake. Wapishi wengi wa zamani walianza na uji huu kila mara, na hawakukosea.

Kuna wanaotia yai. Kitumbua chenye yai si kibaya, lakini ni keki ya duara. Ile hali ya kunesanesa ya mchele imepotea.

Kuumua

Bakuli liwe na nafasi mara mbili ya rojo. Lifunike, uliweke mahali pa joto. Pwani dakika 40 zinaweza kutosha. Arusha, Njombe au Nairobi asubuhi ya baridi hesabu saa moja na nusu au zaidi, au uliweke bakuli ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya vuguvugu. Utajua limekuwa tayari likijaa vipovu juu na kupanda karibu mara mbili. Likishaanza kushuka lenyewe na kunuka uchachu, limepitiliza: vitumbua vitabonyea, vitakunywa mafuta, na ngozi yao haitashika rangi vizuri kwa kuwa sukari imeliwa na hamira. Likikufikia huko, lilegeze kwa tui na sukari kidogo upike vibibi, zile chapati laini za mchele na tui, kwenye kikaango bapa. Vibibi havijali sana.

Koroga mara moja tu kutoka chini, taratibu. Ukilipiga kwa nguvu unafukuza hewa uliyoingojea saa nzima.

Chuma na moto

Chuma kipya hakipikiwi siku hiyo hiyo. Kioshe, kikaushe motoni, jaza mafuta kila shimo, kiache kwenye moto mdogo nusu saa, mwaga, futa kwa kitambaa. Rudia mara mbili. Baada ya hapo kisioshwe tena kwa sabuni wala stili waya. Futa kikiwa bado na joto, na kilichoganda kisugue kwa chumvi kavu na kitambaa. Karibu kila kitumbua kinachong'ang'ania shimo kimesababishwa na chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, au kilichomiminiwa rojo kabla hakijapata moto. Waliopo Ulaya wanaweza kutumia chuma cha Denmark cha kupikia æbleskiver, na maduka mengi ya Kihindi huuza cha paniyaram. Vyote vina mashimo ya duara yanayofaa.

Kama unatumia mkaa, utandaze pembeni zaidi kuliko katikati. Shimo la kati hupata moto kutoka pande zote na ndilo linalounguza. Kwenye gesi, moto uwe wa wastani unaoelekea mdogo, na ugeuze chuma robo mzunguko kila duru.

Tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta kila shimo. Dondosha tone la rojo: lichemke na kutokota mara moja bila kuwa jeusi. Jaza shimo robo tatu, lisizidi. Rojo litapanda. Baada ya dakika moja na nusu hivi ukingo utakuwa umekauka na matundu yametokea juu, lakini katikati bado majimaji. Hapo ndipo pa kugeuza. Chomeka kijiti cha mshikaki pembeni, kisukume kitumbua kisimame wima kwanza, majimaji yamwagike chini ya shimo, kisha malizia kukipindua. Ukingoja juu pakauke kabisa, utapata nusu duara yenye uso bapa. Ongeza matone ya mafuta pembeni, dakika nyingine mbili, toa.

Cha kwanza kipasue. Kikiwa kibichi ndani na cha kahawia nje, moto ni mkali au sukari imezidi; sukari ikipita robo tatu ya kikombe kwa vipimo hivi, ngozi huungua kabla ndani hakujaiva. Kikiwa cheupe na kizito kwa mafuta, moto ni mdogo. Kikiwa kimeiva lakini hakina matundu, rojo halijaumuka vya kutosha. Liache dakika 15 nyingine badala ya kuendelea kupoteza mafuta.

Unga wa mchele wa dukani unaweza kutumika, ila ni mkavu. Gramu 400 zitahitaji tui karibu vikombe viwili, ukae ndani ya tui hilo saa mbili kabla ya hamira, na uji ule wa nusu kikombe hapo ni lazima, la sivyo vitumbua vitapasukapasuka.

Vikitoka, vipange kwenye wavu au ungo, si kwenye bakuli lililofunikwa. Mvuke huvifanya vya chini vilowe. Kuviweka kwenye friji huvikakamaza, maana wanga wa mchele hugeuka mgumu kwenye baridi. Vya kubakiza viweke friza vikishapoa kabisa, na siku ya kula vipashe kwa mvuke dakika tano. Rojo bichi la kupika asubuhi linaweza kulala friji usiku mmoja kama umelitia nusu tu ya hamira. Litoe nusu saa kabla ya kuwasha jiko.